Kivuli cha Safu ya Kwanza

Adhuhuri ilimkuta Fundi Springi amepiga magoti nyuma ya kochi la watu watatu, misumari midomoni, akivuta kitambaa cha kijani kukizungusha kwenye ile pembe ya nyuma ambayo humsumbua kila fundi wa makochi. Adhana ikaanza. Fundi hakuinua kichwa. Kivuli chake, ambacho nacho kilikuwa kimepiga magoti sakafuni, kilisimama, kikajikung'uta vumbi la sponji, kikatoka mlangoni kuelekea msikitini.

"Usichelewe kurudi," Fundi alikiambia bila kuitoa misumari.

Hakikuwa na tabia ya kuchelewa. Kilipita pembeni mwa barabara, kikiwapisha wenye mizigo, na mtaani hakuna aliyegeuza shingo. Mwanzoni kulikuwa na ubishi mdogo kuhusu udhu wake, lakini ubishi huo uliisha siku kilipoonekana kimepanga foleni bombani kama watu wengine. Kikishatawadha kiliingia safu ya kwanza, kuliani mwa imamu, mahali pake pa siku zote.

Mahali pale alipapata Fundi mwenyewe, enzi za taabu. Mkewe alikuwa anaumwa kifua, amekonda mpaka pete inamdondoka kidoleni, anakohoa na majirani wanasikia, na madaktari wakawa wanazungumza huku wanaangalia sakafu. Maji yakamfika Fundi shingoni. Akawa wa kwanza kuingia msikitini na wa mwisho kutoka. Nyumbani alitandika mswala kando ya kitanda akamsalisha mkewe, yeye kasimama, mke kakaa, na hali ilipozidi, mke kalala. Siku moja akamwambia, "Ukipona, wallahi, kila Magharibi tukimaliza faradhi tutasali hapa rakaa mbili za shukrani. Mimi na wewe, mpaka tuote mvi."

Mke akapona, alhamdulillahi. Fundi akalitimiza neno lake, akalitimiza na kesho yake, akaendelea hivyo kwa muda mzuri tu. Halafu ikaja oda ya hoteli. Makochi ya ukumbini, viti vya mapokezi, vichwa vya vitanda vya kujazwa sponji. Mambo yakamnyookea. Hakumwacha Mungu, hata kidogo! Ungemwambia hivyo mngegombana. Yeye alikuwa anamalizia pembe tu, kisha anakuja. Kivuli, ambacho kilishazoea kwenda, kikaendelea kwenda.

Mkewe aliligundua jambo hilo kabla ya wengine. Magharibi moja alitandika miswala miwili, akaita. Fundi, simu sikioni, akajibu, "Nakuja." Kikaja kivuli, kikasimama kwenye mswala wa mbele. Mke alikitazama, akamtazama na mumewe kule kwenye kochi la nyumbani, akajipanga nyuma ya kivuli, maana Magharibi haina muda wa kusubiri.

Msikitini aliyelalamika ni kinyozi mstaafu, jirani wa kivuli kwenye safu. "Sheikh, kila siku unatuambia tuzibe nafasi. Mimi bega langu linagusa hewa." Imamu akaona ana haki. Akaenda karakana.

"Fundi, mahali pako pana pengo."

"Sheikh, si nipo pale kila siku? Hujaniona?"

"Kivuli nimekiona. Tena kinatulia kuliko ulivyokuwa ukitulia wewe."

"Basi!" Fundi alifurahi kwelikweli. "Na chake si changu?"

Imamu alisema suala hilo hajalisoma popote. Akajaribu kukalia kochi la kijani, akakiri kwamba ni laini mno, akainuka kwa shida na kuwahi Alasiri. Kivuli kikamsindikiza.

Ijumaa moja Fundi alikwenda mwenyewe. Hoteli ilikuwa imekaa kimya, hawapigi wala hawapokei, na Fundi alikuwa hapati usingizi. Alipofika safu ya kwanza, kivuli kilimpisha bila maneno, kikalala chini ya miguu yake kama vivuli vingine. Kinyozi akalisogeza bega, likagusa bega la mtu, akatabasamu. Kule nyuma kwa wanawake, mkewe aliisikia ile "Amin" ya kukwaruza ambayo angeitambua hata sokoni.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Fundi rakaa ya pili. Alipotoa salamu tu akaisoma: hoteli imeongeza ghorofa. Akatoka kabla ya dua, viatu mkononi. Kivuli kilibaki kimeinua mikono. Jioni mkewe alitandika miswala miwili na kuita, akajibiwa, "Nakuja."

Alimkosa mumewe, na hakuna namna nyingine ya kulisema. Walikula pamoja, walilala pamoja, alinunuliwa nguo na jokofu la milango miwili, na bado alimkosa. Alimtaka yule wa kando ya kitanda, macho mekundu, mikono inanuka gundi, anayesahau aya katikati na kuianza upya. Mungu amsamehe, kuna nyakati aliukumbuka hata ugonjwa.

Ndiyo maana Magharibi ya leo, wakati kivuli kimeshasimama mbele na Fundi kwenye kochi anamweleza meneja wa hoteli habari za sponji ngumu na laini, mke alikohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo tu, cha makusudi.

Simu ilianguka. Kivuli kilivuka chumba mbio, kikajibandika kwenye miguu ya Fundi. "Kimeanza tena? Tangu lini? Ya Rabbi! Kofia yangu iko wapi?" Hakungoja kofia. Alikuwa ameshasimama kwenye mswala wa mbele, mikono usawa wa masikio.

Mke alikiona kisogo cha mumewe, na nyuzi za kijani zilizonasa kwenye ukosi wa shati. Ilibaki takbira moja tu. Angenyamaza, angempata. Lakini rakaa za shukrani huanzaje na uongo?

"Mume wangu, nimekohoa makusudi. Mimi mzima. Sali tu."

Fundi akageuka. "Mzima?"

"Mzima kabisa."

"Alhamdulillahi!" Aliisema kutoka moyoni, hakuna wa kumpinga. Akacheka, akambusu mkewe kwenye paji la uso. "Usinitishe hivyo, bibie, utaniua." Akaenda kuiokota simu chini aone kama meneja bado yupo. Alikuwepo. "Samahani, bosi. Tulikuwa kwenye sponji ngumu."

Kivuli kilikaa kidogo miguuni pake, kisha kikajibandua, kikarudi mbele. Mke alisawazisha ushungi, akasimama nyuma yake, na alipofika kwenye kushukuru alishukuru kweli, kwa kuwa pumzi alikuwa nayo. Kwenye sijida ya mwisho machozi yalimpalia, kifua kikataka kukohoa. Alikibana mpaka walipotoa salamu.