Udongo wa Nyuma ya Kitanda

Kazini kwetu maabara, ukisema "udongo" utaulizwa: upi? Sisi tunamaanisha zile chembe laini kabisa, zinazonata. Mchanga ni mchanga, na tope la mto lina jina lake. Mdogo wangu hucheka mpaka basi. Kwake udongo ni kitu cha kufagia, na dongo ni lile analonirushia kila tukikutana: "Dada, umesomea uchafu mpaka shahada ya pili!" Mshenzi huyo, nampenda.

Ila Jumapili ile sikuwa na hamu ya utani. Miezi mitatu mizima mama alikuwa ananiita nesi. Nilikwenda nyumbani kwake na ombi moja tu moyoni: aniite mwanangu, hata mara moja.

Nilimkuta ameketi kitandani, pazia likipanda na kushuka taratibu, mwanga ukielea chumbani kana kwamba saa zimesimama. "Karibu, nesi," akasema. Iliniuma, jamani. Nikageukia ukutani nisimwonyeshe machozi. Nyuma ya kitanda lipu ilikuwa imebanduka, na udongo wa zamani uko wazi, mwekundu, unanukia mvua.

Mkono ukaenda wenyewe. Nikabandua kipande, nikakilowesha kwa mate, nikakisaga kwa meno ya mbele. Ndivyo tunavyopima tukiwa porini: kikikwaruza, kina mchanga, kikiteleza kama siagi, ni udongo wenyewe. Hiki kiliteleza.

"We!" Mama akanidaka kiwiko. "Una mimba?"

"Mimba, mama? Kwa umri huu!"

"Usinifiche. Mimi nilipokuwa na mimba ya kifunguamimba wangu, niliula ukuta huu mpaka mama mkwe akasema nitamwangushia nyumba." Akacheka, mabega yakimtikisika. "Akatoka mtoto mbishi huyo! Sasa udongo ndiyo kazi yake. Wakubwa zake wa kazini hawafurukuti bila yeye."

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Anakuja leo."

Akanyoosha mkono, akabandua kipande kingine, akakivunja katikati, akanipa nusu.

"Kula polepole. Hiki kingine usikiguse, namwekea mwanangu."

Akakifumbata kiganjani, akageukia mlango. Nikaketi kando yake, udongo ukiyeyuka mdomoni, tukamngoja wote wawili.