Mwonjaji wa Krismasi

Fundi cherehani hana Krismasi yake. Ana Krismasi za wateja. Wiki nzima dada mkubwa wa nyumba ile alikuwa amepinda mgongo juu ya mashine, akipindia magauni ya watoto wa watu, na kila mteja akiapa kwamba la kwake ni dogo tu, la dakika mbili. Gauni la mwisho lilichukuliwa mchana wa mkesha. Alifunga duka, miguu imemvimba ndani ya viatu, vipande vya uzi wa bluu vimemganda kichwani, akaenda nyumbani kuanza kazi ya pili. Nayo kazi ya pili ilikuwa na bosi wake: mama yake mzazi.

"Umechelewa," mama alisema kutoka kwenye kigoda chake jikoni. "Mananasi hayajimenyi."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Osha mikono."

Kesho wadogo zake wote wangekuja na familia zao. Wangekula keki ya zabibu, wangemaliza kuku, wangekunywa kinywaji cha nanasi na tangawizi mpaka wapumue kwa shida, kisha wangejaza chupa za kubeba. "Dada, mikono yako ina baraka!" wangesema, wakijifuta midomo. Sifa hizo alizizoea. Tatizo la sifa ni kwamba hazimenyi vitunguu.

Mwaka huu alikuwa ameamua. Maneno aliyatunga akiwa kwenye cherehani, akayapunguza na kuyapunguza kama kitambaa kilichozidi: Mama, nimechoka, mwakani apike mwingine. Kulikuwa na wifi yake, mke wa mdogo wake, mwanamke mwenye nguvu zake na jiko kubwa kuliko lao. Basi apike yeye. Alimenya tangawizi akiwa na maneno hayo mdomoni, akatwanga, akachuja, na maneno bado yamekaa palepale. Kumwambia mama wa aina ile kwamba umechoka kunataka moyo.

Keki ilishaingia kwenye oveni bila vita, kwa sababu keki haionjwi mbichi. Vita vilikuwa kwenye sufuria ya kinywaji. Sheria ya nyumba ile ilijulikana na wote: hakuna ulimi unaotangulia wa mama. Unammiminia kidogo kiganjani, anafumba macho, analamba, mnasubiri. Akisema "Imekubali," wengine nao wanaweza kuonja. "Wakionja wawili," alizoea kusema, "chungu kinakosa mwenyewe."

Dada akammiminia. Mama akafumba macho.

"Ongeza ndimu."

Akakamua ndimu, akakoroga, akarudi.

"Bado. Ongeza."

Akaongeza. Vidole vyake vilikuwa vimejaa matundu ya sindano, na kila tone la ndimu lilimkumbusha tundu lake. Akarudi mara ya tatu.

"Mwanangu, ndimu unaionea huruma? Tia!"

Akatia zote zilizobaki. Halafu, kwa hasira ya mtu aliyefanya kazi tangu alfajiri, akageuka kuelekea dirishani akavunja sheria. Akaonja.

Taya zilimbana. Meno yakaingia ganzi mpaka kwenye mizizi. Kile hakikuwa kinywaji tena, kilikuwa dawa ya kung'arishia masufuria, na mananasi yalikuwa yameisha. Akamtazama mama, aliyekaa ametulia kigodani kama jaji, na kwanza akaona hasira tu: kazi yake yote ya jikoni imeharibika. Kisha wazo likamjia, nalo halikuwa zuri. Akachota maji matupu ya vuguvugu kwenye birika, akaenda akammiminia mama kiganjani.

Mama akafumba macho. Akalamba.

"Imekubali," akasema.

Dada alisimama na kikombe chake, aibu imemjaa. Mtu humjaribu mtoto mwongo, hamjaribu mama yake. Akaanza kukumbuka: mama anakula wali mkavu na kuusukuma mchuzi pembeni, mama anasema chai ni nzuri siku ambayo sukari ilisahauliwa. Yote alikuwa ameyaona, lakini kwa jicho la mtu anayerudi usiku akitafuta kitanda. Sasa atafanya nini? Akimwachia wifi jiko, mama ataitwa kuonja huko na ataumbuka mbele ya wakwe. Akinyamaza, ataibeba kazi hii mpaka mgongo uvunjike. Hakujua achague lipi, na alikuwa amechoka hata kuchagua.

"Yalikuwa maji," mama akasema.

"Mama..."

"Hayakunata mkononi." Mama alikuwa anakitazama kiganja chake. "Tangu ile homa ya wakati wa mvua. Tangawizi naisikia, ule moto wake. Utamu siusikii. Ukali siusikii. Nilikuwa nakuambia uongeze ndimu, labda nitaisikia."

"Sasa kwa nini umesema imekubali?"

"Nimechoka kusubiri uniulize. Nikaona bora ujue mwenyewe."

Dada akajiachia, akaketi chini sakafuni, karibu na maganda. Miezi yote hiyo walilala nyumba moja, naye alijua urefu wa mikono ya watoto wa mtaa mzima, lakini hakujua kwamba mama yake anakula bila ladha. Akalia, wala hakujificha.

"Nisamehe, Mama. Sikuona."

"Ungeonea wapi? Hata macho unayafungua kwa taabu." Mama akanyoosha mkono, akaanza kumtoa vipande vya uzi kichwani, kimoja kimoja. "Nawe una neno. Tangu umeingia unalitafuna. Mimi ulimi ndio umekufa, macho yapo. Nipe simu."

Akapewa. Akampigia mwanawe wa kiume, yule mwenye mke mwenye jiko kubwa, na hakumpa nafasi ya kumaliza salamu.

"Sikiliza, baba. Kesho ni mbali, njoo leo, sasa hivi. Njoo na mkeo, na wenzako uwapitie. Leteni mananasi. Hapana, hakuna mgonjwa. Dada yako amechoka, na mimi siwezi kuonja tena. Leo mtapika nyinyi." Akasikiliza kidogo. "Hamjui? Mtafundishwa. Mimi nitakaa hapahapa, nitawaelekeza."

Akakata simu, akairudisha.

"Wakija watanikuta," akamwambia binti yake. "Wewe nenda kalale."

Dada alikuwa mtu mzima mwenye duka na funguo zake, na hakukumbuka mara ya mwisho mtu alipomwambia akalale. Akainuka, akaenda.