Biri ya Mwaka wa Saba

Ratemo alikuwa mwonjaji wa chai katika kiwanda kimoja nje ya mji wa Kericho, na kwa miaka kumi na minane hakuna aliyepinga neno lake. Kila asubuhi alipanga vikombe vyeupe mezani, akavuta chai kwa kijiko, akaizungusha mdomoni, akaitema, kisha akaandika: hii safi, hii imeungua. Lori halikuondoka kwenda mnada wa Mombasa kabla hajatia sahihi.

Mwaka wa 1990 meneja mmoja mzungu alistaafu, akamwachia kisanduku cha biri kumi na mbili, zile sigara nene za majani ya tumbaku matupu. "Usizimalize haraka," alimwambia. "Chai ikikaa hufa. Hizi zikikaa huiva."

Ratemo hakuamini. Kwenye kazi yake, kilichokaa kimeharibika. Hata hivyo alikiweka kisanduku kabatini, mbali na jiko, na ile hewa ya Kericho isiyokauka ikazitunza.

Kila Krismasi ilipokaribia alimwita rafiki yake Kiptanui, msimamizi wa draya, ile mashine ya kukausha chai. Wakavuta moja kwa zamu, nyuma ya nyumba ambayo Ratemo alipewa na kampuni. Ya kwanza iliwakohoza: pilipili tupu, na harufu kali kama mkojo wa ng'ombe. Mwaka wa tatu pilipili ilikuwa imetulia, ikabaki ladha ya ngozi mpya na kahawa iliyokaangwa. Wa tano ukaleta utamu, kwa mbali, nyuma kabisa ya ulimi.

"Mzungu hakudanganya," Ratemo alisema, macho ameyafumba.

Oktoba ya 1996 alishikwa na mafua mabaya yaliyomlaza wiki mbili. Aliporudi kazini chai ilikuwa kama maji ya moto. Akajiambia ni dawa, zitaisha mwilini. Desemba wakawasha biri ya saba.

"Zimekufa," alisema. "Tumezikalisha mno. Huu ni moshi tu."

Kiptanui aliipokea, akavuta polepole. "Imekufa? Ratemo, hii ndiyo tamu kuliko zote. Asali, bwana! Asali ya msituni."

Ratemo aliichukua tena, akavuta mpaka midomo ikaungua. Alisikia joto, basi. Alipoinua uso, Kiptanui alikuwa anamtazama.

"Na chai?"

"Itarudi. Rangi naiona, majani nayaona. Usimwambie mtu. Nikiachishwa kazi nyumba hii inachukuliwa, na Beverly wangu bado yuko kidato cha tatu."

Kiptanui alikung'uta majivu ya biri. "Siwezi kukuuza," alisema.

Mwezi wa Machi bomba la draya lilipasuka mahali pasipoonekana, na moshi wa kuni ukaingia kwenye chai. Kiptanui hakuusikia, mtu aliyeishi ndani ya moshi miaka yote atausikiaje? Kuusikia ilikuwa kazi ya Ratemo. Naye alionja, akaona rangi nzuri ya shaba, akaandika: safi.

Mzigo wote ulikataliwa Mombasa. Meneja wa sasa, kijana asiyependa maneno mengi, aliwaita wote wawili ofisini. Karatasi ya Ratemo ilikuwa mezani.

"Mwonjaji wetu hajakosea miaka kumi na minane," meneja alisema. "Kwa hivyo sampuli aliyoletewa haikuwa ya chai hii. Kiptanui, uliona draya imeharibika, ukampelekea chai nyingine ili ujifiche."

Kiptanui alimgeukia Ratemo. Ratemo akatazama viatu vyake. Jioni hiyo Kiptanui alifungasha magodoro na sufuria, akarudi kwao Sigowet na mke na watoto.

Siku nne Ratemo hakula vizuri. Ya tano alibisha ofisini kwa meneja, akaeleza yote bila kukaa: mafua, ulimi, ile karatasi.

Meneja alimsikiliza mpaka mwisho. "Kiptanui alijua kwamba huonji?"

Swali hilo Ratemo hakuwa amejiandaa nalo. "Alijua."

"Tangu lini?"

"Desemba."

"Akanyamaza." Meneja alitoa karatasi mbili za kuachisha kazi kwenye droo. "Nilimfukuza kwa kosa ambalo hakulifanya. Sasa umenipa alilolifanya. Yako hii hapa, tia sahihi."

Jumamosi Ratemo alikwenda Sigowet. Alimkuta Chelangat, mke wa Kiptanui, langoni.

"Mama Kiplimo, habari ya hapa? Nimekuja kumwona mzee."

"Hayuko."

Nyuma ya nyumba, katikati ya mahindi, jembe lilikuwa linapiga udongo. Likanyamaza. Chelangat hakugeuka.

Lakini mgeni ni mgeni. Aliingia ndani, akatoka na kikombe cha mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa. Ratemo alikunywa akiwa amesimama palepale. Alihisi ubaridi, na uzito, na chembe za mkaa kwenye meno.

"Iko namna gani?" Chelangat aliuliza.

"Tamu sana, mama."

Chelangat alipokea kikombe. "Nitamwambia ulipita."

Kabla Ratemo hajafika barabarani, jembe lilianza tena.