Mapengo katika Shamba la Limi

Hebu niambie: ungetumiwa karatasi na mume uliyemngoja misimu miwili ya mvua, ukaifungua, ukakuta mistari mitatu ya vitone na misalaba, herufi hata moja hamna, ungefanya nini?

Limi aliipeleka kwa Sabiti, fundi cherehani wa Tinde, aliyewasomea watu barua pale barazani kwake. Sabiti akaigeuza juu chini, akaisogeza juani.

"Shemeji, hiki si Kiswahili wala si Kiarabu. Mumeo huko Geita dhahabu imempanda kichwani."

Waliokuwa wakisubiri nguo zao wakacheka. Ndiyo maana Limi hakuzipenda barua za pale. Kila ulichotaka kumwambia mumeo kilipita kwanza masikioni mwa watu sita. Kwa hiyo misimu yote miwili alimpelekea Nkwabi maneno yale yale: sisi wazima, mbuzi kazaa, mama anakusalimu. Lile jingine alilimeza pamoja na mate.

Njiani kurudi akamkumbuka bwana shamba. Mwaka ule bwana shamba alizunguka vijijini na kamba na vijiti, akifundisha kupanda kwa mstari, na mkononi alikuwa na karatasi kama hii hii: mistari, na kitone kwa kila shimo. Limi akasimama katikati ya njia. Basi Nkwabi naye kajifunza kilimo hicho huko aliko, anamwagiza namna ya kupanda. Kumbe bado anapafikiria nyumbani.

Mvua za kwanza zilipolainisha udongo, akavuta kamba tatu mbele ya nyumba. Misalaba ya mstari wa juu akaifanya mtama. Vitone vya katikati, karanga. Vile vya chini, vichache na vinene, kunde. Kila alama hatua moja, wala hakupunja. Palipokuwa peupe kwenye karatasi, naye akaparuka bila kutia kitu. Weupe huo ulikuwa mahali pawili, hatua nne nne, mistari yote mitatu.

Mimea ilipochomoza, mama mkwe wake, Mageni, akaja na ungo wake kiunoni.

"Limi, mwanangu, hapa kuku wamefukua?"

"Hapana, mayu. Ndivyo alivyoagiza mwanao."

"Mwanangu nilimzaa na akili zake. Pisha, nitie choroko humo."

"Mayu, nakuomba. Paache."

Alisema kwa heshima, lakini alikuwa amekwisha kusimama ndani ya pengo, miguu yote miwili. Mageni akaguna, akaenda zake na choroko zake.

Wakati wa palizi, lori likamshusha mgeni. Aliitwa Zamoyoni, mtu wa pwani, mpiga tarumbeta wa huko mgodini, anakwenda Tabora kuwaona ndugu. Nkwabi alikuwa amempa kanga moja amletee mkewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitikia Mageni. "Mwanangu anakula huyo?"

"Anakula, mama. Na anapiga." Akapokea kata ya uji, akawaeleza. Wazungu wa mgodi walikuwa wameletewa ngoma za ajabu: kubwa ya kupigwa kwa mguu, ndogo ya kupigwa kwa fimbo, na toazi la shaba juu yake, zote za mtu mmoja. Siku za kazi Nkwabi yumo shimoni, Jumamosi yuko kwenye ngoma hizo. "Nimemfundisha kuyaandika mapigo. Herufi zinamshinda, ila mapigo aliyashika kwa wiki moja."

Hapo macho yake yakaangukia shambani. Akaiweka kata chini, akaenda hadi mwanzo wa mistari, akaanza kutembea. Kwenye kunde akakanyaga kwa kishindo. Kwenye karanga akapiga paja. Kwenye mtama akatoa sauti ya toazi kwa meno, tsi, tsi.

"Huyu naye kapandwa?" akauliza Mageni.

Limi aliifuata kwa macho miguu ya mgeni. Hatua ya tano tu, alikuwa amelijua. Ni pigo la kulimia. Kabla ya Geita, Nkwabi ndiye aliyewapigia ngoma walimaji wa kijiji, akitembea kinyumenyume mbele yao, na Limi ndiye aliyeongoza mstari wa majembe. Ngoma ilinyamaza kidogo, na hapo kiongozi alirusha neno lolote alilonalo: kiu, jua, twendeni. Kisha majembe yakashuka tena. Neno hilo halikuwa la mwingine ila lake.

Zamoyoni akafika penye pengo, akasimama.

"Hapa ndipo anapotuudhi. Tunapiga, watu wanacheza, tukifika hapa ananyamaza. Nikamwambia, ndugu yangu, jaza. Akasema hapana, hapo pana mtu. Nilidhani ananitania."

Mageni akapatazama mahali alipotaka kutia choroko.

"Wiki ijayo narudi Geita," akasema Zamoyoni. "Nimwambie nini, shemeji?"

"Mwambie sisi wazima, mbuzi..." Limi akaishia hapo. Akaliegemeza jembe ukutani. "Anza tena kule mwanzo."

Zamoyoni akaanza upya, kishindo, paja, meno. Kwenye pengo la kwanza akasimama kungoja.

"Nimechoka kukungoja, Nkwabi," akasema Limi, kwa sauti ile ya shambani, mama mkwe akisikia, jirani wakisikia.

Zamoyoni akaendelea hadi pengo la pili.

"Nakutaka hapa nyumbani. Na usipokuja, nakuja mimi."