Muhuri wa Bata Bukini

Nimeolewa katika nyumba ile miaka kumi na moja, na miaka yote hiyo mama mkwe wangu, Kreszenz, hakuniruhusu kugusa chachu yake. Kuni nibebe mimi, tanuri nilifagie mimi, majivu niyazoe mimi. Kukanda? Thubutu! Eti sisi watu wa Bremen, bandari ya kaskazini mwa Ujerumani, tunajua samaki tu, mkate tunausoma magazetini.

Basi wiki moja kabla ya sikukuu ya kanisa, Kreszenz akateleza kwenye ngazi za ghala akavunjika mkono wa kulia. Nilimwonea huruma, sikatai. Lakini moyoni nilikuwa nashangilia, Mungu anisamehe. Alinikabidhi chachu huku bado ameishikilia, akanipa na sharti: mikate minane ya sikukuu ikitoka vizuri, muhuri wa nyumba utakuwa wangu, na kuoka kila Ijumaa itakuwa kazi yangu. Ikiharibika, wageni watalishwa mkate wa kituo cha mafuta, na yeye atazikwa na muhuri wake.

Muhuri wenyewe ni kipande cha mti kilichochongwa bata bukini. Tanuri la kijiji ni moja na waokaji ni wengi, kwa hiyo kila nyumba hugonga alama yake juu ya donge kabla ya kulitia ndani. Isipokuwa jirani yetu Walburga. Huyo hagongi kitu. Alama yake ni kutokuwa na alama, na kwa maringo hayo yeye na Kreszenz wamenuniana tangu mimi sijazaliwa.

Ijumaa asubuhi nilikanda unga wa rai, nafaka nyeusi ya huku, mpaka mabega yakaniuma. Kreszenz kasimama nyuma yangu, mkono umefungwa shingoni, hana la kufanya ila kukosoa. Maji mengi. Kisibiti kidogo. Kifungo cha mkono wa blauzi kinaning'inia, kishone kabla hujagusa unga. Nikamwambia haya, nitakishona. Sikukishona, nilishachoka kuamrishwa.

Zamu za tanuri, nyumba mbili mbili, hupigiwa kura, na kura ikaniangushia nani? Walburga. Akatazama madonge yangu, akaniuliza kwa upole kabisa kama huko Bremen madaktari wa meno ni wengi. Hasira zikanipanda. Nikasukuma mikate yangu ndani kwa koleo refu, naye akasukuma ya kwake minane katikati ya yangu, mlango wa chuma ukafungwa. Ndipo nilipohisi kitu kinanigonga paja mfukoni mwa aproni. Muhuri!

Ilipotoka, minane ilikuwa imeumuka vizuri, ya duara, ya kumwonyesha padri. Minane imelala. Hakuna hata mmoja wenye bata. Walburga akaanza kukusanya ile iliyoumuka, mimi nikamshikia kikapu. Yangu, yangu, tukavutana pale mpaka akasema aitwe mwenye chachu aje aonje, yeye haogopi mtu.

Kreszenz alifika upesi kwa mtu wa miaka sabini na sita. Nilipomweleza habari ya muhuri hakunitukana. Hilo lilinitisha kuliko matusi. Akatazama marundo mawili, akauweka mkono wake mzima juu ya ile iliyoumuka, akasema hii ndiyo yetu. Walburga akamjibu kwamba kwa macho hata kipofu angechagua hiyo. Aonje.

Mkate wa rai haukatwi ukiwa wa moto, kila mtu anajua, lakini siku ile nani angengoja? Kreszenz akauma ule ulioumuka, akatafuna, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha ule uliolala. Akakunja uso. Wa Walburga huu, akasema, mzito, mchachu, angeutambua hata usingizini. Akachukua kipande cha pili, eti ahakikishe. Mbaya kweli, akasema, akaomba siagi, akachukua cha tatu.

Cha tatu kikalia *ka!* Akatoa kitu mdomoni, akakiweka kiganjani. Kifungo cha buluu. Sote tukautazama mkono wa blauzi yangu, uliokuwa wazi mpaka kiwiko.

Nilitamani ardhi ipasuke. Ijumaa zangu zote nikaziona zinakwenda. Walburga alicheka mpaka akakaa juu ya kuni.

"Kumbe hiyo mibaya ndiyo yenu, Bi Kreszenz. Lete kikapu nikusaidie kubeba."

Kreszenz akamalizia kutafuna kilichobaki mdomoni. Hakuwa na haraka.

"Wako nimeuma mara moja, Walburga," akasema. "Wa mkwe wangu nimekula vipande vitatu, na kifungo juu."

Akaipanga mikate iliyolala kikapuni kwa mkono mmoja, hakutaka kusaidiwa. Njiani nikautoa muhuri nimrudishie. Hakuupokea. Akasema Ijumaa ijayo nipunguze maji, na nije nimeshona. Machozi yakanilengalenga, nikajifanya ni moshi.

Mara akasimama katikati ya barabara. Ule mkate wetu tuliokata tulikuwa tumeuacha kule kwenye tanuri.

"Rudi ukauchukue, mwanangu," akasema, na mwanangu hiyo sikuwahi kuisikia kwake. "Kimbia."

Nilikimbia. Walburga alikuwa bado amekaa juu ya kuni, anatafuna, na mkate wangu ulikuwa umebaki nusu.