Mbuzi wa Macho kwenye Kivuko cha Luama

Yule Mbelgiji alikuwa na jina lake, refu, la kukohoa katikati, lakini sisi tulimwita Bwana Ngoja. Alitoka Kasongo kiangazi kile na lori, hema, na mashine ya picha yenye miguu mitatu, akapiga kambi kwenye kivuko cha mto Luama, katika barabara ya kwenda Kabambare. Aliambiwa kwamba mbogo huvuka mto pale kila asubuhi kwenda kulamba udongo wa chumvi. Hiyo ilikuwa kweli. Hakuambiwa kwamba mbogo hawafuati saa ya mkononi. Walipoingia majini siku ya kwanza, yeye alikuwa bado anafunga miguu ya mashine, akawapigia kelele: "Ngoja! Ngoja!" Mbogo hawakungoja.

Alitaka kuwapiga picha kutoka mtoni, kwa karibu, pembe na pua tu juu ya maji. Sasa, chini kidogo ya mahali wanapovukia kuna dimbwi la viboko, na viboko wa Luama hawapendi mgeni wala mwenyeji. Mwaka uliotangulia walivunja mitumbwi miwili. Kwa hiyo Mzee Kassimu, msimamizi wa kivuko, alimtafutia mpiga kafi anayeyajua maji yale kuliko wote, naye alikuwa Célestin.

Célestin alikuwa mchumba wangu.

Hapa lazima nieleze habari ya macho. Kijijini kwetu, kijana akishaleta mali ya kwanza ya mahari, haruhusiwi kuonana na mama mkwe uso kwa uso. Akimwona njiani, anaingia majanini mpaka apite. Kama hakuna majani, anampa mgongo. Hawasemezani pia, neno linapita kwa mtu wa katikati. Wanaishi hivyo mpaka siku kijana anapoleta mbuzi wa macho. Mbuzi akishaliwa, macho yamefunguliwa, na harusi inafuata. Lakini kijana akimtazama mama mkwe kabla ya siku hiyo, mama ana haki ya kurudisha mali yote na kumwambia akaoe kwingine.

Mama yangu aliisubiri haki hiyo kama watu wanavyosubiri lori. Célestin alizaliwa Nyangwe, kwa watu wa mitumbwi, na mama alitaka mkwe wa jembe. "Watu wa maji wanaangalia kila mutu," alisema. "Watajificha wapi? Kwenye maji hakuna majani." Baba alikuwa amekwisha kupokea mali, basi mama hakuweza kukataa waziwazi. Alichoweza ni kupitapita. Alikwenda kuchota maji saa ileile Célestin anapofunga mtumbwi. Alitokea nyuma ya ghala bila kukohoa. Miezi sita Célestin alimpa mgongo, mara moja akiwa amebeba samaki wawili wakubwa, akaingia nao kwenye upupu. Alijikuna wiki nzima.

Shangazi Léocadie, dada ya baba, ndiye aliyekuwa mtu wa katikati wa uchumba wetu. Alimwambia mama: "Wifi, acha kuwinda. Huyu si mbogo."

"Miye siwindi," mama alijibu. "Napita tu kwangu."

Mbuzi mwenyewe alikuwepo Nyangwe, kwa wazazi wa Célestin, lakini alikuwa bado mdogo, na hakuna anayethubutu kumpelekea mama mkwe mbuzi wa kumchekesha. Nilikuwa naulizia afya ya mbuzi yule kuliko afya ya Célestin.

Bwana Ngoja alitoa amri: asubuhi mtu yeyote asivuke mpaka mbogo wapite, wasije wakashtuka. Siku ya kwanza ya amri tulikaa ukingoni na majembe na vikapu vyetu mpaka jua likawa kali. Siku ya pili vilevile. Shamba letu la karanga lilikuwa ng'ambo. Karanga zilikuwa zimekomaa, na nyani walikuwa wanazichimba.

"Mwambie Bwana aende kwa nyani vilevile," mama alimwambia Kassimu. "Awaambie wangoje."

"Mama Pascaline, amri ni amri."

"Amri ya mbogo?"

"Ya foto."

"Basi anipige miye foto nikikufa na njaa."

Siku ya tatu hatukwenda kivukoni. Mama alinipeleka chini zaidi, kwenye kona, mahali baba alipoficha mtumbwi wake mdogo wa kuvulia. Pale mto ni mwembamba na una mawe, na juu yake tu ndipo lilipo dimbwi.

"Tutapita upesi," mama alisema. "Viboko bado wanalala."

Saa ile viboko hawalali. Ndiyo saa wanayorudi majini kutoka malishoni, wameshiba na hawataki maneno. Nililijua hilo, lakini lilibaki mdomoni kama mambo yangu mengi. Katekista alikuwa akiniweka benchi la mbele ili asikie sala yangu, na bado aliniuliza kama nimemaliza.

Nilisukuma mtumbwi kwa upondo. Tulipofika katikati, mgongo wa kiboko ulipanda karibu nasi, mweusi, unang'aa. Hakutugusa. Wimbi lake ndilo lililotugusa. Upondo ulibanwa kati ya mawe, ukabaki umesimama pale, sisi tukaendelea bila huo. Kisha mtumbwi ukapanda juu ya jiwe, ukakwama, ukalala upande. Maji yalipita kwa nguvu kulia na kushoto.

Niliinua macho. Juu ya dimbwi mbogo walikuwa wanaingia mtoni, mstari mrefu mweusi. Mbele yao ulikuwepo mtumbwi mkubwa: Bwana Ngoja amesimama kwenye ncha yake ya mbele na mashine, Célestin amekaa nyuma na kafi, wote wawili wanatazama mbogo.

Mama aliona kabla yangu. "Yule ni mukwe," alisema, akajifunika uso kwa kikapu.

"Mama, tumekwama."

"Najua. Asigeuke!"

Célestin alikuwa amesikia mti ukigonga jiwe. Aligeuza kichwa robo, akaona kikapu ambacho amekikimbia miezi sita, akakirudisha kichwa haraka.

"Pascaline!" aliita, akiwaelekea mbogo. "Ni weye?"

"Ni miye."

"Sikusikie!"

Mama alinifinya. "Sema kwa nguvu! Ama tufe hapa sababu ya haya zako?"

"NI MIYE!"

Sauti ile sijui ilikuwa imekaa wapi. Korongo waliruka kutoka ukingoni.

"Basi nakuja," alisema Célestin. "Weye unielekeze."

Akaja kinyumenyume. Alikaa vilevile, mgongo kwetu, akayavuta maji kwa kafi upande huu na upande ule, na ule mtumbwi mkubwa ukaanza kushuka kwa mkia, kupita katikati ya dimbwi la viboko, na Bwana Ngoja mbele akiwaona mbogo wake wanapungua.

"Célestin! Mbogo iko mbele!"

"Ndiyo, Bwana."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Nyuma, Bwana."

"Sababu gani?"

"Mama mukwe iko nyuma."

Bwana aligeuka. Aliona jiwe, mtumbwi umelala, msichana, na mwanamke aliyevaa kikapu usoni. "Geuza mtumbwi basi!"

"Haiwezekane, Bwana. Nitakosa bibi."

Bwana akahamisha mashine yake, miguu yote mitatu, ikatuelekea sisi.

Nami nilikuwa napiga kelele kama mnadi wa sokoni. "Mukono wa kuume! Kidogo! Tena! Hapo iko jiwe, kushoto! Kushoto!"

"Mwambie afanye haraka," mama alisema ndani ya kikapu.

"Mama anasema ufanye haraka!"

"Mwambie asiangalie."

"Mama anasema usiangalie!"

"Mwambie mama siangalii!"

"Mama, anasema..."

"Nimesikia. Siko kiziwi."

Ndipo yakatoka masikio mawili madogo juu ya maji, kati yetu na Célestin. Kisha pua. Kisha dume zima likafungua kinywa, hatua tatu nyuma ya mgongo wake, na yeye alikuwa anazidi kulisogelea, akingoja nimwambie kulia au kushoto.

Nikanyamaza. Mama aliposikia nimenyamaza, alishusha kikapu aone kuna nini.

Nilijua nikisema "kiboko" atageuka, na akigeuka atakutana na uso wa mama, mzima, hauna kikapu wala kitambaa. Miezi sita ya kukimbia, upupu ule, mbuzi anayekua polepole Nyangwe, vyote vingeishia pale kwenye jiwe. Nisiposema, kiboko hatangoja mbuzi.

"Célestin, geuka!" nililia. "Geuka uangalie!"

Aligeuka mwili wote. Alipiga ubavu wa mtumbwi kwa kafi, pa! pa! pa!, kama wafanyavyo watu wa Nyangwe, na pigo la nne likamwangukia mnyama kwenye pua. Kiboko akafunga kinywa, akazama, akapita chini yetu sote, mitumbwi miwili ikacheza.

Maji yalipotulia, Célestin alikuwa anamtazama mama. Mama naye alikuwa anamtazama Célestin, mdomo wazi.

"Jambo, mama," Célestin alisema. Alifunzwa vizuri, masikini.

"Jambo," mama akajibu.

Mashine ya Bwana ikalia kwa sauti ndogo, tk, na hapo wote wawili wakakumbuka. Célestin akageuka, mama akarudi kikapuni.

Tulivutwa mpaka ukingoni. Célestin alitunyooshea kafi nyuma ya bega lake bila kutazama, kana kwamba bado kuna kitu cha kuokoa. Tulipotua, mama alishika njia ya nyumbani. Mimi nilibaki nimesimama pale. Mgongo wa Célestin ulikuwa bado mbele yangu.

Mchana huohuo shangazi Léocadie alikuja uani kwetu, akakaa, akajipepea. Habari ilikuwa imefika kwake kabla nguo zetu hazijakauka.

"Wifi, nasikia macho yamefunguliwa bila mbuzi."

"Mali inarudi kesho," mama alisema.

Baba alitazama miguu yake.

"Sawa," alisema shangazi. "Lakini tupeleke kesi vizuri. Nani alimwambia ageuke?"

"Miye," nilisema. Safari hii hakuna aliyeniuliza nimesema nini.

"Kumbe ni mutoto wa nyumba hii! Basi macho yamefunguliwa na nyumba hii. Na nyumba iliyofungua macho ndiyo inatoa mbuzi. Wifi, utapeleka mbuzi Nyangwe. Awe mkubwa, sababu wale watu ni wengi."

Baba alikohoa tumbako yake yote.

"Na salamu uliijibu," shangazi aliendelea. "Hiyo ni kuku juu ya mbuzi."

Mama alifikiri. Alikuwa na mbuzi wawili tu, na aliwapenda kuliko wakwe wote wa Maniema.

"Hakuniona," alisema mwishowe. "Nilikuwa na kikapu."

"Kikapu kilikuwa usoni ama magotini?"

"Usoni."

"Pascaline, kikapu kilikuwa wapi?"

"Nilikuwa naangalia kiboko, shangazi." Hata mbele ya padri ningeweza kusema hivyo.

Basi kesi ikakaa hapo. Mali haikurudi, lakini haikusemwa pia kwamba imebaki. Célestin aliendelea kuingia majanini, mama aliendelea kupitapita, na mimi sikulala vizuri.

Wiki ya tatu Bwana Ngoja alirudi kutoka Kasongo, alikokuwa amekwenda kusafisha picha. Alikuja mwenyewe mpaka uani, anacheka, na bahasha mkononi. Mbogo hawakutoka vizuri pichani, alisema, walikuwa wadogo kama siafu. Lakini picha hii moja ilikuwa nzuri kuliko zote alizopiga Kongo, na alimletea mama nakala yake.

Shangazi Léocadie ndiye aliyeipokea. Aliiinua kwenye jua. Mbele ya picha kulikuwa na bega la Célestin na uso wake wa upande. Katikati, duara za maji mahali kiboko alipozama. Nyuma, mwanamke amekaa kwenye mtumbwi uliolala, macho makubwa, mdomo wazi, anamtazama kijana waziwazi. Kikapu kilikuwa magotini.

"Wifi," alisema shangazi, taratibu, kwa raha yake yote, "hebu tuonyeshe kikapu."

Mama aliichukua picha. Aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza aone upande wa nyuma, akaigeuza tena mbele. Aliangalia kafi iliyoinuliwa. Aliangalia zile duara za maji na umbali uliobaki kutoka hapo mpaka kwenye shingo ya Célestin, na kidole chake kikapita juu yake polepole, kama anapima kitambaa.

"Huyu mwanamuke simujui," alisema.

"Wifi!"

"Simujui. Muzee hivi? Na mudomo wazi hivi, mbele ya watu? Labda mutu wa Lusangi. Wanavuka pale."

Bwana Ngoja alifungua kinywa aeleze, lakini baba alimwekea mkono begani, akamkalisha. Kuna mambo mzungu haelezwi.

Bwana alinyoosha mkono arudishiwe picha, kwa kuwa eti ilikuwa ya mtu mwingine. Mama hakumpa. Aliikunjia ndani ya kitambaa chake, akasimama, akaingia nyumbani. Tulimsikia akifungua sanduku lake la nguo.

"Pascaline!" aliita kutoka ndani.

"Mama?"

"Mwambie yule kijana alete mbuzi Jumapili."

"Mama, bado mdogo sana."

"Nani amekuambia nataka nyama?"