Uyoga wa Kaburi la Theopista

Mke wangu Theopista alizikwa mimi nikiwa barabara ya Sanya Juu, navunja mawe kwa kazi ya lazima ya serikali. Habari ilinifikia asubuhi. Nyapara akasema, "Maiti haikimbii. Maliza siku zako." Nikamaliza. Mungu atamlipa.

Kwetu maiti hulazwa uso ukielekea Kibo, kilele cha mlima wetu. Lakini masika yale wingu lilifunika mlima wote, na kwa kuwa wanaume wa mtaa tulikuwa barabarani, karani wa mangi, mtawala wetu, aliagiza vibarua wa mjini waje kuchimba. Hao wangejuaje Kibo iko wapi? Wanawake walikuwa ndani wakilia. Hakuna aliyeona alivyolazwa. Tangu hapo sikulala vizuri.

Juu ya kaburi, migombani, waliacha gogo kuzuia fisi. Gogo likaota uyoga, umesimama wima. Siku moja kwa hasira nikalipindua, uyoga ukalala ubavu. Kesho yake nakuta shingo zimejikunja, vichwa vimeinuka, mikunjo ya chini inatazama udongo. Nikapindua tena. Ukainuka tena.

"Uyoga unafuata jua tu, shemeji," alisema Mektrida, mdogo wake marehemu.

Basi nikapindua, nikafunika gogo kwa magunia na majani ya mgomba, giza totoro. Siku ya pili nikamwita, nikafunua. Shingo zilikuwa zimejikunja vilevile.

"Umeona? Hauna jicho, uko gizani, na unajua juu na chini. Dada yako atashindwa kujua Kibo ilipo? Hata kama walimlaza ovyo, ameshageuka mwenyewe."

Moyo wangu ulitulia, mara ya kwanza tangu msiba. Mektrida akainama, akagusa uyoga mmoja mkavu pembeni.

"Na huu mbona umelala ulivyolazwa?"

"Huo umekufa."

"Ehe. Kumbe unaogeuka ni ulio hai."

Maji yalikuwa yakidondoka kwenye majani ya migomba.

"Mektrida, alikata roho saa ngapi?"

"Alfajiri. Alikuwa wa moto bado walipombeba. Karani alihimiza, eti vibarua wanatakiwa mjini kabla ya saa sita."

"Nani alimsikiliza pumzi?"

Nilikwenda kuchukua jembe. Niliporudi, Mektrida alikuwa ameshalisukuma gogo pembeni, anachimba kwa mikono.